Ncha Mbili na Watu wa Katikati

Mwanafunzi wetu mmoja hapa Juba, mtu mzima aliyejifunza Kiswahili akiwa mkimbizi kule Kakuma, alitutaka tumpe neno la kueleza hali ya watu kujipanga kambi mbili hata asibaki mtu wa katikati. Tulimpa mgawanyiko, akatikisa kichwa: mkate nao hugawanywa, ukaliwa kwa amani. Tulimpa utengano, akasema waliotengana waweza kuheshimiana. Mfarakano ulikaribia, lakini huo waeleza ugomvi uliokwisha kutokea, hauelezi nguvu inayowavuta watu kuuendea.

Tulipata msaada katika somo la sayansi. Chembe za chuma zikimwagwa juu ya karatasi hulala ovyo. Sumaku ikipitishwa chini yake, zote hujipanga kuzifuata ncha zake mbili. Hazikushauriana wala hazikuchagua. Hali hiyo ndiyo tunayoiita hapa mvuto wa ncha mbili, yaani nguvu inayompa mtu upande kabla hajafikiri.

Yafaa tukumbuke kwamba tofauti zenyewe si uovu. Wahenga walinena kuwa vikombe vikaapo pamoja havikosi kugongana. Baraza lisilo na ubishi ni baraza lililolala. Uovu huanza pale tunapoacha kupima hoja, tukapima nasaba ya msemaji.

Mji wetu uliyaona hayo. Mwaka 2013 viongozi wa chama tawala cha SPLM walizozana; Julai, Rais Salva Kiir alimwondoa makamu wake, Riek Machar. Usiku wa tarehe 15 Desemba risasi zililia, na kwa siku chache tu mzozo wa wakubwa ukawa kisasi baina ya Wadinka na Wanuer. Watafiti wa haki za binadamu waliandika jinsi watu walivyoulizwa kabila lao, wengine wakitambuliwa kwa lugha au kwa alama za usoni, wakauawa. Aprili 2014, huko Bentiu, wapiganaji wa upande wa pili nao waliua raia, na redio ikatumiwa kutangaza chuki. Sisi walimu wa lugha hatuna budi kusita hapa. Lugha, iliyopaswa kumfungulia mtu mlango, ndiyo iliyomfichua.

Wako wasemao: basi tukatane, kila mtu akae na wenziwe. Lakini sumaku ikikatwa katikati, kila kipande huwa na ncha mbili tena. Nchi hii ilijitenga na Sudan Julai 2011, baada ya zaidi ya asilimia 98 ya wapiga kura kutaka hivyo, na haki hiyo hatuibishi. Hata hivyo, haikupita miaka mitatu kabla ya ncha mpya kujitokeza ndani yake. Kujitenga kwaweza kukomesha dhulma fulani. Hakukomeshi mazoea ya kuhesabu watu kwa pande.

Je, mwema ni yule asiyechagua upande kamwe? La. Anyamazaye mbele ya dhulma amekwisha kuchagua. Twaona kwamba tofauti iko baina ya kupinga tendo na kupinga watu. Apingaye tendo atalipinga hata likitendwa na ndugu yake. Apingaye watu husubiri kwanza kujua nani katenda. Mtu wa katikati tunayemtaka ni huyo wa kwanza. Naye si mwoga, kwani mara nyingi hulaumiwa na pande zote mbili.

Tusidhani kwamba Kiswahili chenyewe ni hirizi. Uganda wengi walikichukia kwa kuwa walikisikia vinywani mwa askari waliowatesa. Lugha huwa njema kwa matumizi yake. Kwa hiyo tunapendekeza jambo dogo lililo ndani ya uwezo wa kila mwalimu: katika midahalo ya darasani, watetezi na wapinzani wabadilishane pande kabla ya kengele, na kila mmoja aeleze hoja ya mwenziwe mpaka mwenziwe akiri kwamba ameelezwa sawasawa.

Tulipofanya hivyo, mwanafunzi wetu yule alipewa kutetea hoja aliyoichukia. Aliitetea vizuri, kisha akaketi kimya. Neno moja alilolitaka bado hatujampa.