Kaya Haiuziki Pembeni

Wajukuu zangu wa Kinondo, nasikia wapo kati yenu wasemao kaya ni kichaka tu, kipande cha pembeni kikiuzwa hakuna kitakachoharibika. Nisikilizeni kabla hamjatia sahihi karatasi za watu.

Wazee wetu Wamijikenda husimulia kwamba walitoka Singwaya, huko kaskazini, wakikimbia vita, wakajenga miji yao, ndiyo kaya, katikati ya misitu. Msitu ndio uliokuwa ukuta. Njia ya kuingilia ilikuwa nyembamba, na fingo likazikwa ardhini kuulinda mji. Mtu aliyekata mti alikuwa anabomoa boma la watoto wake. Watu walipohamia mashambani, makaburi yalibaki, na miiko ikabaki. Mpaka leo mgeni aingiaye Kinondo hufungwa kaniki kiunoni, wala hatoki hata na ukuni.

Kaya yetu ni hekta 30 hivi, juu ya mwamba wa matumbawe, jirani kabisa na bahari. Udongo wake ni haba, na ule uliopo umetokana na majani yaliyooza miaka na miaka. Ukifyeka miti ya pembeni, jua na upepo wa bahari huingia, udongo hukauka, na miti ya ndani nayo huanza kufa. Mbega, wapitao juu kwa juu, hukosa matawi ya kurukia. Aliyeuza pembeni ameuza na katikati.

Mtaniambia, "Babu, serikali inailinda." Kweli, tangu 1992 kaya zimekuwa zikitangazwa urithi wa taifa, na 2008 UNESCO ikaiandika Kinondo pamoja na kaya nyingine kuwa urithi wa dunia. Nashukuru kwa moyo wote. Lakini kisiwa cha Chale nacho ni kaya, na hoteli ikajengwa humo. Na huko Mrima, watu wanayatolea macho madini ya niobi yaliyo chini ya msitu.

Mwaka 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti, kwa kuwa Wagiriama walioitikia wito wa Mekatilili wa Menza wa kuwapinga walikula kiapo pale. Adui aliijua thamani ya kaya. Nyinyi wenye kaya mnauliza bei!

Tunaoijua mipaka kwa miguu, mti kwa mti, tumebaki wachache. Mwenye simu na aje nayo apige picha kila alama, aandike majina ya miti kwa Kidigo, ajue ruhusa huombwa kwa nani. Na mnunuzi akibisha hodi, msimkaribishe kiti. Mleteni kwanza kwa wazee wa kaya.