WAZO LA LEO: Patsey na nyumba ya Msheireb

Filamu ya 12 Years a Slave ilipotoka mwaka 2013, wengi wetu tuliililia kama habari za Louisiana. Lupita Nyong'o alipotwaa Oscar Machi 2014 kwa kumwigiza Patsey, mtumwa katika filamu hiyo, tukasahau hata machozi: Mkenya kashinda! Solomon Northup, mhusika wake mkuu, mtu huru aliyetekwa Washington mwaka 1841, alibaki mtu wa mbali.

Kwa Mswahili anayeishi Doha, si mbali hivyo. Katika mtaa wa Msheireb kuna Nyumba ya Bin Jelmood, iliyokuwa ya mfanyabiashara wa watumwa. Tangu 2015 ni makumbusho ya utumwa. Humo inasimuliwa njia ya Bahari ya Hindi: watu walionyakuliwa bara, wakapitishwa pwani yetu, wengine wakaishia Ghuba wakizamia lulu na kutumika majumbani. Qatar ilikomesha utumwa mwaka 1952. Juzi tu, umri wa babu.

Kinachonikera ni wepesi wetu wa kumlaani bwana shamba wa Kimarekani, halafu tukifika kwenye misafara ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa watumwa wa kwetu, tunapunguza sauti, kama watu wanaozungumzia aibu ya mjomba mbele ya wageni. Nyumba hiyo angalau imethubutu, tena haikomei kwa wafu. Inagusa na unyonyaji wa wafanyakazi wa leo. Walinzi na mayaya wetu walioko hapa wangeizuru, ningependa kusikia wanasema nini kuhusu filamu ile. Nadhani wangeijadili tofauti na sisi wa maofisini.