Onyo juu ya Ubaguzi wa Kabila

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanadamu kwa baba mmoja na mama mmoja. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya haya:

Katika Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, hupita mto Songwe. Upande wa Tanzania hukaa Wanyakyusa, na ng'ambo, katika Malawi, hukaa Wangonde, nao lugha na mila zao zakaribiana kama za watu wa nyumba moja. Mwaka wa 1890 Waingereza na Wajerumani waliandikiana mapatano, wakaufanya mto ule kuwa mpaka, wala wenyeji hawakuulizwa. Wallakini mto haukuwafanya maadui. Hata leo huvuka kwenda sokoni, arusini na mazikoni.

Kisha Muislamu na aitazame Rwanda. Huko Wahutu na Watutsi hawakutengwa kwa mto. Hukaa vilima vimoja, na lugha yao ni moja. Lakini katika miaka ya 1930 Wabelgiji walimwandikia kila mtu kabila lake katika kipande, wakawapa Watutsi ukubwa na masomo, wakawanyima Wahutu. Nchi ilipopata uhuru mwaka wa 1962, wakubwa wapya walikibakiza kipande kile kile, wakaigeuza dhulma tu: aliyekuwa juu akawa chini. Machozi ya jana yakafanywa hoja ya damu ya kesho. Mwaka wa 1994, kwa muda wa siku mia hivi, waliuawa watu wapatao 800,000 kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, wengi wao Watutsi, pamoja na Wahutu waliopinga mauaji. Njiani watu walidaiwa vipande, na aliyeandikwa Mtutsi aliuawa. Mto Kagera ukachukua maiti hata Ziwa Viktoria.

Basi dalili ni wazi kwamba makabila si sababu ya kuuana. Mizizi ya fitina ni mitatu: mtawala agawaye riziki kwa kabila, mrithi wake aibakizaye dhulma ile kwa kuwa sasa yamfaa, na raia aonaye akanyamaza. Mwenyezi Mungu amebainisha katika Sura ya Hujurat kuwa makabila yamewekwa ili watu wajuane, na aliye bora mbele Yake ni mcha Mungu.

Wala Muislamu asidhani maradhi haya ni ya wengine tu. Ng'ambo hiyo hiyo ya Songwe, karibu na Karonga, mwaka wa 1887, Mlozi, mfanya biashara ya pembe na watumwa aliyejiita Muislamu, aliwashambulia Wangonde, na wengi wakauawa. Mwaka wa 1895 Waingereza walimnyonga. Mwenye kuitetea dhulma ile kwa kuwa mtendaji alikuwa wa dini yake, amekwisha ingia katika ubaguzi ule ule anaoulaumu kwa wengine.

Basi mwenye kugawa zaka, shamba au kazi asiulize kabila. Mzazi asimfundishe mtoto jina la kumtukana jirani. Na asikiaye maneno ya kubagua ayakatae siku hiyo hiyo, yangali maneno, kabla hayajawa mapanga.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu kusimama na haki, ijapokuwa juu ya nafsi zao. Amin.