Kibaba ni cha Nani?

Kila baada ya wiki mbili hivi birika langu hapa Makole linajaa ukoko mweupe. Maji ninayotumia ni ya kisima, magumu, na ukiyachemsha yanaacha chokaa chini na pembeni. Siku hiyo nilikuwa nimekaa jikoni nakwangua, saa tatu usiku, mdogo wangu akanipigia kutoka Maskati.

"Shikamoo dada. Kinu kimenishinda."

Yeye kazi yake huko ni kutunza matangi ya samaki kwenye nyumba za watu wenye nacho. Moja ya matangi hayo lina matumbawe hai, yanayotoa mikono na kufunga usiku na mchana kama yaliyoko baharini. Neno kinu ni langu. Yeye anatumia jina la Kiingereza, mie nikamwambia kama redio inasema kinu cha nyuklia, basi na hicho ni kinu cha kalsiamu. Kinasaga kweli, ila hakina mchi.

Kinavyofanya kazi ni hivi. Tumbawe hai hujenga mifupa yake kwa kalsiamu na kaboneti linazochota majini. Baharini akiba hiyo ni kubwa, ila ndani ya tangi hupungua siku hadi siku. Kwa hiyo wanachukua mtungi mwembamba, wanaujaza vipande vya matumbawe yaliyokufa, wanapitisha humo maji ya tangi polepole huku wakiingiza hewa ya ukaa kutoka kwenye silinda. Hewa hiyo inayafanya maji kuwa na asidi, pH inashuka hadi karibu 6.5, na vile vipande vinayeyuka kidogo kidogo. Maji yanarudi tangini tone kwa tone yakiwa yamebeba kile ambacho walio hai wanahitaji. Wafu wanayeyushwa ili walio hai wajenge.

Kuna koki mbili tu. Moja ya hewa, unahesabu mapovu kwa dakika. Nyingine ya maji, unahesabu matone. Hewa ikizidi, vipande vinageuka tope na pH ya tangi lote inashuka. Ikipungua, hakiyeyuki kitu. Lengo ni kalsiamu ya miligramu 420 hivi kwa lita, na alkalini ya digrii 8, mahali karibu na bahari ilivyo. Kanuni ni kugusa koki moja, kidogo sana, halafu kusubiri hadi kesho saa ileile ndipo upime. Mdogo wangu wiki ya kwanza aligusa zote mbili, asubuhi na jioni. Vipimo vikapanda, vikashuka, na ncha za matumbawe yenye matawi zikaungua, nyama ikabanduka, ukabaki mfupa mweupe.

Alijifunza. Wiki ya tatu vipimo vilitulia. Akanipigia tena, safari hii sauti ina furaha. "Dada, unajua ninachofanya huku? Namlipia babu."

Nikamjibu vibaya. Nilisema, "Babu hakukutuma. Na huyo bosi wako hakulipi kwa ajili ya Mafia." Akanyamaza, akaaga kwa adabu. Hakupiga kwa wiki mbili.

Kwetu ni Mafia, na babu yetu alikuwa mchoma chokaa. Wakati wa bamvua, maji yakitoka, alikwenda na mtaimbo kuvunja matumbawe, akayabeba kwa mtumbwi, akayakausha, akayapanga juu ya magogo na kuwasha. Moto unaitoa ile hewa ya ukaa ndani ya jiwe. Ukimwagia maji, jiwe linaumuka na kuwa unga. Ukipaka ukutani, polepole linaivuta hewa ileile na kuwa jiwe tena. Mwambao wetu wote umejengwa hivyo, kuanzia misikiti ya Kilwa Kisiwani hadi nyumba za Mji Mkongwe. Mama yetu alisoma kwa chokaa hiyo. Na mimi na mdogo wangu, tukitaka kusema kweli, tumesoma kwa chokaa hiyo.

Tumbawe la mviringo, lile gumu kama kichwa, hukua sentimita moja hivi kwa mwaka. Lenye urefu wa kufika kiunoni kwangu ni kazi ya karibu miaka mia. Babu alilimaliza kwa maji kupwa mara moja. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza nchini, ilipoanzishwa mwaka 1995, yeye alikuwa mzee tayari.

Sasa, je, deni la namna hii linalipika? Na linalipwa wapi?

Nilivyomkatalia mdogo wangu, hoja yangu ilikuwa hii: uangalifu peke yake hauwi wema. Babu naye alikuwa mwangalifu. Alijua gogo gani linashika moto wa kutosha, alijua chokaa iliyoiva na mbichi kwa kuitazama tu. Angepewa zile koki mbili angezishinda upesi kuliko mjukuu wake. Mikono ni ileile, jiwe ni lilelile, tofauti ni nani anayelipa na anataka nini. Juzi tajiri alitaka ukuta, leo anataka bustani ya bahari sebuleni. Tunasema haba na haba hujaza kibaba, lakini methali haisemi kibaba ni cha nani. Matone ya Maskati yanajaza kibaba cha Maskati. Mwamba wa Mafia haupati hata tone.

Nilikuwa nayaongeza haya kichwani kila siku, nikijiona nimeshinda. Kisha nikaanza kujiuliza mwamba ule unahitaji nini hasa. Hauhitaji kinu. Hauhitaji mtu wa kuuhesabia matone. Unahitaji kuachwa. Na kuacha ni wema mgumu, maana hauonekani, hauna picha ya kutuma kwa ndugu, na kwa masikini una bei. Kumwambia babu wa miaka ile aache, bila kumwambia ale nini, ingekuwa kumtoza yeye peke yake deni la kila aliyepaka ukuta wake mweupe.

Halafu nikakumbuka mwaka 1998. Mwaka ule maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto, matumbawe yakapauka na mengi yakafa, ya Mafia nayo hayakusalimika. Yale hayakuvunjwa na mtu mwenye mtaimbo. Na tukienda mbele zaidi: saruji iliyojenga nyumba yangu hapa Makole, mamia ya kilomita kutoka baharini, ilianza kwa kuchoma mawe ya chokaa, moto ukaitoa hewa ileile ya ukaa. Ongeza mkaa wangu, bajaji ninazopanda, viwanda vya dunia nzima. Sehemu ya hewa hiyo inaingia baharini, na huko inafanya kilekile inachofanya kwenye mtungi wa mdogo wangu. Tangu enzi ya viwanda ianze, pH ya maji ya juu ya bahari imeshuka kutoka karibu 8.2 hadi karibu 8.1. Inaonekana ndogo. Mdogo wangu angekwambia si ndogo.

Maana yake tumeifungulia bahari nzima koki ya hewa. Tofauti na Maskati ni kwamba hapa hakuna anayekaa usiku kuhesabu mapovu, na hakuna aliyekubali kusubiri hadi kesho apime kabla hajaongeza.

Hapo ndipo ushindi wangu ulipoisha. Nilikuwa nimemhukumu kijana anayejaribu kulipa mahali pasipostahili, na mimi sikuwa nalipa popote. Nilikuwa nimeliweka deni lote kwa marehemu, ambaye hawezi kujibu, na kumnyang'anya mjukuu wake faraja ndogo. Bado naamini alikosea: tangi la tajiri halirudishi mwamba wa Mafia. Lakini alichokuwa amejifunza pale, kugusa kidogo na kungoja kuona umefanya nini, ndicho hasa tunachokosa sisi tunaojiona hatukuchoma kitu. Nilipaswa kumwambia hivyo kwanza, ndipo nimpinge.

Nikampigia mimi. Nilimwomba radhi, nikamwambia lile deni si la babu peke yake, ni langu pia, na sijui kulilipa. Alikaa kimya kidogo. Hakusema amenisamehe, akaanza kunisomea vipimo vyake: alkalini 8, kalsiamu 420, siku ya kumi na moja haijatikisika.

Nikamuuliza leo amefanya nini.

"Leo? Nimepima tu, dada. Sijagusa kitu."