Ngazi Isiyofika Juu

Wahenga walisema: mpanda ngazi hushuka. Hawakuwa na habari ya ngazi ambayo mwenye kuipanda hapandi wala hashuki. Leo ngazi hiyo ipo. Ni mashine ya mazoezi iliyoenea tangu miaka ya 1980 kutoka Marekani, na aghalabu huonekana katika hoteli kubwa na kumbi za mazoezi za mijini.

Muundo wake si mgumu kueleweka. Vidato vimefungwa kwenye minyororo inayozunguka magurudumu yenye meno, juu na chini. Mtu akikanyaga kidato, uzito wake hukivuta chini. Naye, ili asishushwe, hana budi kukanyaga kinachofuata. Kidato kilichofika chini hupita nyuma ya mashine na kurejea juu. Lau si breki, vidato vingekimbia na kumwangusha. Kwa hiyo wahandisi wameweka breki ya kudhibiti mwendo, vyuma vya kushikilia pande zote mbili, na kitufe cha kuisimamisha mara moja. Mtu wa kilo 70 akipanda mita 10 juu yake hufanya kazi ya karibu jouli 7,000. Akimaliza, yupo palepale alipoanzia.

Fikra hii si ngeni. Mwaka 1818 mhandisi Mwingereza William Cubitt alibuni gurudumu la vidato kwa ajili ya magereza, na mwaka 1821 likafungwa katika gereza la Brixton, London. Wafungwa walisimama safu moja, wakikanyaga kwa saa nyingi. Penginepo gurudumu lilisaga nafaka au kuvuta maji. Penginepo halikuendesha chochote isipokuwa upepo. Adhabu hiyo iliondolewa kwa sheria ya magereza ya mwaka 1898.

Basi kitendo ni kimoja: kwa yule adhabu, kwa huyu tiba anayoilipia. Kinachotenganisha ni hiari. Mfungwa hakuwa na kitufe cha kusimamisha gurudumu. Wala si haki kumcheka anayepanda mashine, kwani moyo na damu yake hunufaika, hasa ikiwa siku nzima ameketi kitini.

Hata hivyo, hapa Pemba tunao wapandaji wengine. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo kisiwa chetu ndicho kikawa shamba kuu la karafuu. Watumwa ndio waliozichuma, hadi amri ya mwaka 1897 ilipouondolea utumwa nguvu ya sheria. Mchumaji wa leo ni mtu huru. Hupanda mti unaoweza kupita mita 10, wenye matawi mepesi kukatika, akachuma na kulipwa kwa kipimo cha alichoteremsha. Jouli zake ni zilezile 7,000, ila yeye hurudi chini na karafuu. Na kila msimu wapo wanaoanguka: wengine hufa, wengine huvunjika uti wa mgongo.

Hapo ndipo penye swali. Anayepanda bila kufika popote amewekewa breki, vyuma na kitufe. Anayepanda ili kisiwa kizima kipate riziki ameachiwa mikono na miguu yake. Huenda mtu akajibu kwamba naye amepanda kwa hiari. Ni kweli, lakini hiari ya mwenye njaa haiwi kamili, na asiyekamilika hiari ndiye mwenye haki zaidi ya kulindwa. Atasema mwingine kwamba mti haufungwi breki. Lakini mshipi imara wa kujifunga kiunoni, ngazi madhubuti, na mikarafuu inayopunguzwa kimo ingali michanga si mambo yaliyo nje ya uwezo wa akili ileile iliyobuni minyororo na magurudumu yenye meno.

Twapenda kusema kuwa tunaiheshimu kazi. Heshima hiyo haipimwi kwa sifa tunazomwaga mavuno yanapokuwa mema, bali kwa mahali tunapoelekeza ubunifu wetu na fedha zetu. Mpanda ngazi hushuka, ndivyo walivyosema wahenga. Wajibu wetu ni kuhakikisha mpanda mkarafuu anashuka kwa miguu yake mwenyewe.