Utukufu wa Mtu Haumkingi na Hukumu

 

Ndugu zetu wasomaji, mtu wa Pwani apandaye gari kwenda Nairobi, akishapita Mtito Andei na Kibwezi, hufika Makindu katika nchi ya Makueni. Hapo kando ya njia pana hekalu la Makalasinga lililojengwa mwaka 1926. Kila msafiri, awe Mkamba au Mswahili, Mwarabu au Mzungu, huingia akapewa chakula wala haulizwi dini yake wala hatakiwi malipo. Twalitaja jambo hili mwanzo kwa makusudi. Khabari tunayotaka kuieleza leo yatoka katika nchi ya asili ya watu hao, na mtu tutakayemtaja alizaliwa katika nyumba ya Kikalasinga. Hatutaki asomaye adhani kuwa tumekusudia kuwacheka. Wakuu wa dini yao wenyewe walimkataa mtu huyo tangu mwaka 2007, alipovaa mavazi ya kujifananisha na mmoja wa viongozi wao wakubwa wa zamani, wakaamrisha wafuasi wao wasishirikiane naye.

Jina lake ni Gurmeet. Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1967 katika kijiji cha Rajasthan, India. Mwaka 1990, hajatimiza bado miaka ishirini na minne, alirithishwa uongozi wa jumuiya iitwayo Dera Sacha Sauda, yaani makao ya biashara ya kweli, iliyoasisiwa mwaka 1948 katika mji wa Sirsa, jimbo la Haryana. Akajiita Ram Rahim Singh: Ram ili awapendeze Mabaniani, Rahim ili awapendeze Waislamu, na Singh ni la kwao. Sisi twajua kuwa Rahim ni katika majina matukufu ya Mola wetu, na mja akiitwa kwalo huitwa Abdulrahim. Huyu aliliondoa lile neno la utumwa lililo mbele, na aliyoyafanya baadaye hayakwenda mbali na alivyojiita.

Yatupasa tuwe waadilifu, tueleze pia kwa nini watu walimfuata kwa malaki. Aliwakataza ulevi, na katika vijiji vya kule mke wa mlevi aliyeona mumewe ameiacha chupa hakuwa na haja ya hoja nyingine. Aliwakusanya watu wa tabaka za chini, ambao wakubwa wa mila zao hawakutaka hata kukaa nao, akawaketisha pamoja. Alijenga hospitali na skuli, akahimiza watu watoe damu kwa ajili ya wagonjwa. Mambo haya ni mema, na aliyeyafuata kwa ajili ya wema wake hakuwa mpumbavu. Khatari ilikuwa katika jambo jingine: kwamba kwa sababu ya mema hayo mtu alionekana hawezi kuulizwa. Wanasiasa walikwenda kumpigia magoti wakati wa uchaguzi, kwani neno lake moja lilikuwa kura nyingi. Serikali ikampa walinzi wenye silaha. Mwaka 2015 akajitengenezea mchezo wa sinema, akauita kwa jina lenye maana ya Mjumbe, na mwenye kucheza ndani yake kama shujaa ni yeye mwenyewe, amevaa nguo za kumetameta na kupanda pikipiki. Mtu na azimu wake, lakini ujumbe haujitangazwi kwa pikipiki.

Sasa tuje kwenye kesi. Mwaka 2002 barua isiyo na jina la mwandishi ilipelekwa kwa Waziri Mkuu wa India wa wakati huo, Atal Bihari Vajpayee. Aliyeiandika alikuwa msichana katika wale walioacha makwao kwenda kumtumikia Mungu ndani ya makao yale. Alieleza kuwa wasichana huitwa usiku chumbani kwa kiongozi na kuingiliwa kwa nguvu, na kwamba hawana pa kukimbilia, maana wazazi wao ni wafuasi walioshikwa macho na masikio. Liangalieni neno hili, enyi wazazi. Binti hakumwandikia baba yake. Alimwandikia mtawala aliye mbali asiyemjua, kwa kuwa yule mbali alimtarajia kuliko wa karibu.

Mwandishi mmoja wa gazeti dogo la pale Sirsa, Ram Chander Chhatrapati, aliichapisha barua hiyo. Mwezi Oktoba mwaka huo huo alipigwa risasi mlangoni kwake, na mwezi Novemba akafa. Mtu mwingine aliyekuwa msimamizi katika makao yale, aliyedhaniwa kuwa ndiye aliyeisambaza barua, naye aliuawa. Mahakama Kuu ikaamrisha uchunguzi. Kesi ikaenda mwendo wa konokono kwa miaka kumi na mitano. Katika muda wote huo wanawake wawili walisimama juu ya ushahidi wao, na ulimwengu mzima wa kwao ukiwaita waongo.

Tarehe 25 Agosti 2017 mahakama ya Panchkula ilimtia hatiani kwa kuwanajisi wanawake hao wawili. Wafuasi waliokuwa wamejaa mjini wakaanza kuchoma magari na majumba, na katika ghasia hizo watu zaidi ya thalathini wakapoteza roho zao. Siku tatu baadaye hakimu alipelekwa kwa helikopta mpaka jela ya Rohtak, akatoa hukumu humo humo ndani: miaka kumi kwa kila mwanamke, jumla miaka ishirini. Mwaka 2019 mahakama ikamhukumu kifungo cha maisha kwa kuuawa yule mwandishi wa gazeti. Mwaka 2021 ikamhukumu tena kwa yule msimamizi, na mwaka 2024 Mahakama Kuu ikaifuta hukumu hiyo ya tatu katika rufaa. Hilo la mwisho twalitaja kama tunavyoyataja ya mwanzo. Anayetaka uadilifu haokoti katika kesi yale tu yanayompendeza. Na tangu afungwe ametolewa kwa ruhusa mara nyingi, mara nyingine uchaguzi ukiwa karibu, akaenda kuwahutubia watu wake.

Hapa mtu aweza kutuuliza: Je, Mitume na watu wema hawakufungwa? Nabii Yusuf hakutiwa gerezani? Naam, alitiwa. Na si lazima twende mbali. Katika milima ya Kilungu, huko huko Makueni, alitokea mwanzo wa miaka ya 1920 mtu aitwaye Ndonye wa Kauti, akawaambia Wakamba kuwa Mungu amesema naye na kwamba zama mpya zinakuja. Watu wakamfuata. Serikali ya kikoloni haikungoja ajulikane ni mkweli au mwongo. Iliona watu wanakusanyika, ikamkamata na kumhamisha kwao. Sisi hatuuamini utume baada ya Mtume wetu, lakini haitupasi kusema kuwa Ndonye aliadhibiwa kwa uongo wake. Aliadhibiwa kwa kutiwa khofu watawala. Baina ya mtu anayeondolewa kwa sababu mkubwa amemwogopa, na mtu anayehukumiwa kwa sababu mnyonge amemshitaki na akaleta ushahidi, pana umbali kama wa mbingu na ardhi, na mwenye kuwachanganya wawili hawa kwa kusema wote walifungwa atakuwa amewadhulumu wote wawili.

Basi gereza peke yake si dalili ya haki wala ya batili. Dalili tuitafute katika kisa cha Yusuf mwenyewe. Alipotuhumiwa, haikusemwa kuwa yeye ni mtoto wa Nabii basi tuhuma zikatupwe. Ilitazamwa kanzu, imechanika mbele au imechanika nyuma. Huu ni ushahidi wa kitu kinachoonekana kwa macho, na Qurani imeutaja kwa makusudi. Kisha mfalme alipotuma mtu kumtoa gerezani, Yusuf hakutoka mbio. Alimrudisha mjumbe akaulize kwanza khabari ya wale wanawake, ichunguzwe mpaka ukweli ujulikane. Mtu safi ndiye aliyeutaka uchunguzi, na mlango wa jela ulikwisha funguliwa. Linganisheni na makundi yaliyochoma moto mji ili uchunguzi usiwe na mwisho.

Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliletewa khabari ya mwanamke wa kabila tukufu la Makhzum aliyeiba. Jamaa zake waliona haya, wakamtuma Usama, kipenzi cha Mtume, amwombee. Mtume alikasirika, akawaeleza watu kuwa kaumu zilizotangulia ziliangamia kwa kumwacha mtukufu akiiba na kumwadhibu dhaifu, na akaapa kuwa lau ni Fatima binti yake mwenyewe angaliadhibiwa. Hadithi hii yatajwa katika mimbari zetu kila mwaka. Walakini twaitumia juu ya nani?

Twasema hivi kwa sababu katika miji yetu kuna ugonjwa unaoitwa sitri, na si sitri. Mwalimu wa chuo hutuhumiwa kwa mtoto. Mama hulia. Wazee hukutana baada ya Isha, na mara nyingi neno la kwanza lisemwalo si kuulizia hali ya mtoto. Ni hili: funika kombe mwanaharamu apite. Husemwa kuwa makafiri watatucheka, kuwa yule mwalimu ni mtoto wa fulani na kahifadhi Qurani, kuwa binti hataolewa. Mwalimu huhamishwa akapelekwa mji mwingine, penye watoto wengine. Sitri iliyoamrishwa ni ya mtu aliyeteleza baina yake na Mola wake. Mwenye kumdhulumu mtoto hakuteleza baina yake na Mola wake peke yake: kuna mwenye haki, na haki yake si mali ya wazee kuisamehe. Katika Surat Annisaa tumeamrishwa tusimame na uadilifu tukiwa mashahidi, ijapokuwa juu ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Haikutajwa humo kuwa isipokuwa juu ya walimu wetu.

Na wala tusijidanganye kuwa kufuata mtu kwa upofu ni kwa watu wa India. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola nyuma ya Malindi, makaburi yalifukuliwa, na maiti zilizotolewa zilizidi mia nne, wakiwamo watoto wengi. Serikali ilisema kuwa waliambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Mhubiri aliyeshitakiwa alikana mashitaka, na hukumu ni kazi ya mahakama, si yetu. Lakini waliokufa wamekufa, na pale si Sirsa, ni mwendo wa gari moja kutoka misikitini mwetu. Kabla ya 2023 palikuwa na majirani waliojua kuwa watoto wale hawaendi skuli.

Na kwetu je? Angalieni nguzo za taa za Mombasa, jinsi zilivyobandikwa makaratasi ya mganga kutoka Kitui, awezaye kurudisha mume, kutibu kisirani, kushinda kesi. Mtu wa Kisauni huuza mkufu akaenda Kitui. Na mtu wa Kitui naye huuza mbuzi akateremka Pwani, maana huko kwao waganga wenye sifa ni wa huku kwetu. Wapita njiani hapo Makindu bila ya kujuana, kila mmoja amebeba fedha za kumpelekea mwongo wa mwenziwe. Ndugu zetu Waislamu walioko Kitui, Mwingi na Wote wanayajua haya kuliko sisi. Tungependa waandike wayaeleze, kwani pana wanawake wameingizwa vyumbani kwa jina la dawa na kutoka humo wakiwa wamenyamaza, kama walivyonyamaza wale wa Sirsa. Tofauti ni kwamba wale wawili mwishowe walisema.

Waliokuja kutuuliza baada ya darsa mtu afanye nini linapomfika, twawajibu kwa kadiri ya tunavyojua. Mtoto apelekwe hospitali kwanza, siku hiyo hiyo, asiogeshwe wala nguo zake zisifuliwe. Nguo ziwekwe katika mfuko wa karatasi, maana hiyo ndiyo kanzu ya Yusuf. Kisha twendeni kituo cha polisi, tuandikishe khabari, tuombe fomu ya P3 ijazwe na daktari. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006 haimtazami mtuhumiwa kilemba chake. Wazee wakija kuomba suluhu, waambiwe kuwa jambo hili halisuluhishwi barazani, na wao wakitaka kusaidia basi wamkodie mama gari la kwendea mahakamani, kwani kesi huahirishwa mara nyingi na nauli humwishia. Na asiyekuwa na mtu wa kumwambia, simu ya kusaidia watoto katika Kenya ni 116. Haina malipo, na hupokewa usiku na mchana.