Wajibu Usio na Mdai

Ukarimu kwa mpita njia ni miongoni mwa masuala ya kale kabisa ya maadili. Jangwani suala hilo huwa zito zaidi, kwa sababu kinachotolewa huko ni maji, na anayeyakosa anaweza kufa. Je, anayemsaidia mgeni asiyemjua, na ambaye huenda asimwone tena, anatimiza wajibu au anafanya hisani tu? Na kama ni wajibu, mgeni ana haki ya kuudai?

Mfano mzuri wa siku hizi ni Pacific Crest Trail, njia ya miguu ya takriban kilomita 4,265 inayoanzia Campo, California, hatua chache kutoka mpaka wa Mexico, na kupita Oregon na Washington hadi mpaka wa Kanada. Mwaka 1968 sheria ya Marekani iliifanya kuwa moja ya njia za kitaifa. Kilomita 1,100 za mwanzo, kwa anayetoka kusini, ni za jangwa na milima mikavu.

Kipande kimoja kinachoogopwa ni vilima vya San Felipe, kati ya njia panda ya Scissors Crossing na chemchemi ya Barrel Spring. Ni mwendo wa kilomita 38 hivi, na katikati hakuna chemchemi wala kijito cha kutegemewa. Mtembeaji hodari huondoka kungali giza, taa ikiwa kichwani. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo anayebeba lita sita huanza kupanda mlima na kilo sita mgongoni kabla ya kuhesabu hema na chakula. Saa nne asubuhi jua huwa limeshakuwa kali. Pande zote ni mipungate na mimea ya jamii ya mkonge, na kivuli ni cha kutafuta. Wengi hujibanza kwenye ubavu wa jabali adhuhuri, wakanywa maji kwa kuyapima, kisha wakaendelea jua likipoa.

Baada ya kilomita 22 hivi, mahali panapoitwa Third Gate, watu wa kujitolea huweka akiba ya maji katika msimu wa watembeaji. Hakuna muuzaji wala daftari la kusaini. Mtu hujaza chupa yake, hufunga dumu, akaendelea na safari. Aliyeyapandisha maji hayo mlimani hayupo, na mnywaji huenda asijue hata jina lake. Watu wa namna hiyo huitwa malaika wa njia. Wengine hutoa lifti hadi mjini, chakula, au mahali pa kulala.

Uislamu unakaribia kuliita jambo hili haki. Msafiri aliyeishiwa njiani ni mmoja wa aina nane za watu wanaostahili zaka kwa mujibu wa Sura At-Tawba, aya ya 60, na Sura Al-Israa, aya ya 26, inaagiza apewe haki yake pamoja na jamaa na maskini. Hadithi iliyopokewa na Bukhari inamtaja mwenye maji ya ziada njiani anayemnyima msafiri kuwa miongoni mwa wale ambao Mwenyezi Mungu hatawatazama Siku ya Kiyama. Wanasheria wa Kiislamu nao walitambua haki ya kukata kiu, kwa binadamu na kwa mnyama, hata penye kisima cha mtu binafsi. Hata hivyo ukarimu uliwekewa mpaka: ugeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Wahenga wa Kiswahili waliufupisha zaidi: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Katika Biblia, kitabu cha Mambo ya Walawi kinawaamuru Waisraeli wampende mgeni kwa kuwa nao walikuwa wageni Misri. Habari ya Msamaria mwema imewekwa kwenye barabara ya Yerusalemu kwenda Yeriko, inayoteremka katika nyika kame ya Uyahudi. Mwanasheria aliuliza jirani yake ni nani. Yesu akamgeuzia swali, aseme ni nani aliyekuwa jirani wa yule majeruhi. Kwa kugeuza swali hivyo, uzito ulihama kutoka kwa sifa za anayesaidiwa na kuwekwa juu ya anayeweza kusaidia.

Wanafalsafa walitafuta jibu bila kutegemea maandiko. Seneca, katika kitabu chake kuhusu fadhila, alisema mtoaji anapaswa kusahau mara moja kwamba ametoa, na mpokeaji asisahau kamwe kwamba amepokea. Karne nyingi baadaye Immanuel Kant alitenganisha wajibu wa aina mbili. Kuna ule unaolingana na haki ya mtu fulani, kama kulipa deni, na kuna ule unaomfunga mtendaji ingawa hakuna awezaye kusimama mbele yake akamdai. Wema kwa wengine aliuweka katika aina ya pili.

Mgawanyo huo unasaidia kulielewa dumu la jangwani, ila hautoshi peke yake. Mtu anayezimia kwa kiu hawi mwombaji wa hisani. Hali yake inamfunga yeyote aliye karibu, na hapo wanasheria wa haki ya kiu wana hoja nzito kuliko Kant. Lakini mtembeaji wa San Felipe alichagua jangwa kwa hiari yake, akiwa na ramani na muda wa kujiandaa. Chama kinachoitunza njia hiyo huwashauri watembeaji wasitegemee akiba za maji, maana zinaweza kukutwa tupu. Anayebeba lita mbili kwa kutumaini dumu la mgeni amegeuza zawadi kuwa deni la mtu asiyekopa, na akilikuta tupu hana wa kumlaumu.

Wengine wanaovuka majangwa hayo hayo hawakwenda kutembea kwa burudani. Arizona, mtu wa kujitolea aliyewapa wahamiaji wawili chakula, maji na malazi alikamatwa Januari 2018 akashtakiwa kwa kuwaficha. Jopo la raia waliosikiliza kesi lilimwona hana hatia Novemba 2019. Maji ya aina moja yakipewa mtembeaji husifiwa, yakipewa mhamiaji huweza kumfikisha mtoaji mahakamani, ilhali mwenye shida kubwa zaidi ndiye wa pili. Kama kiu ndiyo inayozaa wajibu, basi wajibu huo hauwezi kupungua kwa sababu mwenye kiu hana kibali.

Kwa hiyo maswali yale mawili yana majibu tofauti. Kwa mwenye maji, kumpa mgeni ni wajibu, naye hana sababu ya kungoja shukrani. Kwa mgeni, ni haki pale tu uhai unapokuwa hatarini. Nje ya hapo ni zawadi, na hairuhusiwi kuingizwa katika hesabu ya safari. Na kwa kuwa aliyetoa hapatikani ili arudishiwe, njia iliyobaki ya kulipa ni kumpa mwingine.